Abril Fatface: fonti nene, nyuzi zake nyembamba, na mifuko 60 niliyoirudia

Nina meza ya kudizaini na printa mbili karibu na stendi ya Moshi. Kwa mwaka mzima sasa vichwa vya kazi zangu nyingi nimeviandika kwa Abril Fatface, fonti ya kampuni ya TypeTogether iliyochorwa na Veronika Burian na José Scaglione. Naipenda. Ila imeshanitia hasara.

Tazama herufi kubwa U: mguu wa kushoto mnene kama mgomba, wa kulia mwembamba kama uzi. Asili yake ni mabango ya matangazo ya karne ya 19 huko Uingereza na Ufaransa, enzi ambazo kila muuzaji alitaka tangazo lake lionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi ndogo a ina kidonge cheusi, kama mwanamke aliyevaa kipini. Kiswahili kimejaa a, kwa hiyo jina la bibi harusi kwenye kadi ya mchango wa sendofu hutoka limepambwa lenyewe, bila maua ya kubandika.

Hasara ilitokana na mifuko ya kahawa. Mama mmoja wa Marangu alitaka ya kaki, nimchapie kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu. Nikaweka KAHAWA juu, urefu wa kucha ya kidole gumba, na maelezo yote chini kwa fonti hiyohiyo, herufi ndogo za pointi 9. Kwenye kompyuta kazi ilivutia. Kwenye kaki zile nyuzi hazikushika wino: H ikabaki nguzo mbili zisizojuana, A ikawa ubao ulioegemea hewa, na matundu ya a na e kule chini yakaziba kabisa. Mama akageuza mfuko mara mbili.

"Mwanangu, hapa umeandika au umechora uzio?"

Mifuko 60 nikairudia kwa hela yangu.

Siku hizi naipa maneno matatu, manne yakizidi sana, tena makubwa. Bei na namba za simu nazipeleka kwenye Lato, fonti nyingine isiyo na mbwembwe. Usibonyeze kitufe cha kukoleza wala cha kulaza: fonti ina uzito mmoja tu, kwa hiyo kompyuta huivimbisha au kuipindisha yenyewe, na huonekana. Bango la bucha nalo liangalie vizuri, maana kile kialama cha juu katika neno ng'ombe, kati ya g na o, ni kinene mno, mbali utadhani nzi ametua.

Ni ya bure, na leseni yake wazi inaruhusu kazi za biashara. Kwangu hilo ni kubwa, kwani fonti nyingi hapa mjini huzunguka kwenye flashi na hakuna anayejua zilikotoka.

Mifuko ya pili, KAHAWA ilijaza upande mzima kwa kusimama, herufi moja juu ya nyingine. Mama aliisoma akiwa bado mlangoni.