Ziara ya Ganghwa: mwongozaji nyota tano, ratiba nyota mbili

Kisiwa cha Ganghwa ni wilaya ya Incheon, mji wa Korea Kusini ninaosoma, lakini kosta ya ziara inaanzia Seoul. Kwa hiyo nilipanda treni alfajiri kwenda Seoul ili nirudishwe Incheon. Won 68,000, chakula cha mchana ndani yake. Kampuni siitaji.

Hela yangu iliokolewa na mwongozaji, mama wa makamo asiyeshika karatasi hata moja. Pale ngome ya Gwangseongbo alitushusha mpaka Yongdu, ulimi wa mawe uliochomoza baharini, akatuamuru tuyatazame maji bila kusema neno. Maji yanakimbia huku yanajikoroga kama uji jikoni. Ndipo akaanza: zamani meli za kwenda Seoul zilipita hapa chini, na Daewongun, baba wa mfalme mtoto Gojong, aliyeshika madaraka kwa niaba ya mwanawe, hakutaka mgeni hata mmoja apite.

Wafaransa walikuja 1866, baada ya mapadri wao kuuawa. Walipoondoka walibeba vitabu vya kifalme, ambavyo vilirudi Korea 2011, tena kwa mkopo! Kwenye kundi letu kulikuwa na mtu na mkewe kutoka Ufaransa. Hapo wakawa wanakagua kamba za viatu. Mwaka 1871 ikawa zamu ya Wamarekani. Wakorea zaidi ya 240 waliuawa, Wamarekani 3. Askari wa Korea walivaa fulana za pamba, tabaka juu ya tabaka, ili zizuie risasi. Mwezi wa Juni, jamani. Miili 51 isiyotambulika imezikwa kwenye makaburi 7 yaliyopangana chini ya misonobari. Nilitaka kukaa pale.

Haikuwezekana. Ngome dakika 25, duka la jinseng, ule mzizi wa dawa, dakika 55. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai ya bure na sikununua kitu, na muuzaji alinuna waziwazi.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Tuliambiwa habari za mawe ambayo Daewongun aliyasimamisha nchi nzima mwaka huohuo wa 1871, yamechongwa maneno haya: Washenzi wa Magharibi wanatuvamia; kutopigana ni kufanya suluhu, na kutaka suluhu ni kuuza nchi. Hadithi ikaishia hapo. Lakini 1873 mzee alishatolewa madarakani, 1875 meli ya Kijapani ikaipiga ngome ya Chojijin, na 1876 mkataba wa kufungua bandari na Japani ukatiwa saini kisiwani humuhumu, Yeonmudang, mahali pa mazoezi ya askari. Tulipokuwa mjini nikauliza kama tutasimama hapo. Dereva akajibu, "Haimo kwenye ratiba."

Chakula? Kachumbari ya figili za zambarau za Ganghwa ni tamu, wali ulikuwa umepoa.

Nitarudi kwa basi la kawaida. Wewe ukitaka kulipia ziara hii, uliza kwanza dukani mnakaa muda gani.