Malengelenge Kifuani: Mwongozo wa Kununua Suti kwa Anayeivaa Mara Nne kwa Mwaka

Suti iliyonifanya niandike mwongozo huu ilinunuliwa Kariakoo kwa shilingi 280,000, kwa ajili ya sendofu ya mpwa wangu. Mume wangu aliivaa siku hiyo, akaivaa tena kwenye harusi yenyewe, akaivaa mara ya tatu kwenye mazishi, kisha ikakaa kabatini kwa zaidi ya mwaka mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Tulipoitoa kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa jirani tukaipeleka kwa dobi, nayo ikarudi ikiwa imetokwa na malengelenge. Sina neno jingine la kuieleza hali ile: upande wa kifua, kuanzia chini ya kola hadi karibu na mfuko, kitambaa kilikuwa kimevimba vipele vipele kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto, na kila tulipokipiga pasi kilitulia kwa dakika tano kisha kikavimba upya. Ukiigawa bei ile kwa siku tatu ilizovaliwa, kila siku ilitugharimu takriban shilingi 93,000, ambazo zingetosha kununua shati zuri sana.

Nilimrudia muuzaji. Alilitazama koti kwa sekunde chache, akaniambia, "Mama, hii mmeipiga pasi vibaya," kisha akanionyesha kwa kidole maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu hasira yangu haijaisha.

Katika mwongozo huu sitazungumzia rangi, idadi ya vifungo, wala upana wa miguu ya suruali. Mambo hayo kila mwenye kioo nyumbani anayaona, na kila muuzaji anafurahi kuyajadili kwa saa nzima. Nitazungumzia kitu ambacho hakionekani na ambacho muuzaji hatakitaja: kile kilichomo kati ya kitambaa cha nje na bitana.

Koti la suti halisimami vizuri kifuani kwa sababu ya kitambaa cha nje peke yake. Ndani yake kuna kitambaa cha kati, kigumu kidogo, kinacholipa koti umbo. Kwa njia ya zamani, kitambaa hicho hufumwa kwa pamba au sufu pamoja na singa za farasi, nacho hushikizwa kwa mishono midogo midogo ya mkono inayokiacha kicheze na kujikunja pamoja na mwili wa mvaaji. Kwa njia ya viwanda, iliyoenea tangu miaka ya 1960 na 1970, kitambaa cha kati hupakwa vitone vya gundi kisha hubandikwa kwenye kitambaa cha nje kwa mashine yenye joto na mgandamizo. Kazi ya fundi ya saa nyingi huisha kwa sekunde chache, na bei hushuka. Nikiri kwamba gundi za siku hizi ni bora kuliko za zamani, na kiwanda makini kinaweza kutoa koti lililobandikwa likadumu miaka mingi. Lakini gundi ina maadui wanne: joto, unyevu, mvuke wa pasi, na dawa za drai klina. Anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaishi na wawili wa kwanza mwaka mzima, na wawili waliobaki huwalipa kwa fedha zake mwenyewe.

Hapa ndipo ulimwengu huu usiopenda suti unapobadilisha hesabu za mnunuzi. Mwezi Machi 2019 benki ya Goldman Sachs, ambayo wafanyakazi wake walijulikana kwa suti zao, iliwalegezea masharti ya mavazi. Mwezi Julai 2020 Brooks Brothers, duka la New York lililoanza mwaka 1818, liliomba kinga ya kufilisika, na mwezi uliofuata kampuni mama ya maduka ya suti ya Men's Wearhouse ikafanya vivyo hivyo. Hata kwetu, ofisi ambazo zamani zisingekupokea bila tai sasa zina maofisa wanaovaa fulana zenye kola na nembo ya kampuni kuanzia Jumatatu. Baba yangu alikuwa na suti tatu na alizivaa kwa zamu kila wiki, kwa hiyo zilichakaa viwiko na makalio kabla ya kitu kingine chochote kuharibika. Mume wangu ana suti moja, anaivaa, ikizidi sana, mara nne kwa mwaka, na siku zilizobaki inaning'inia gizani kwenye unyevu. Viwiko vyake havitachakaa kamwe, lakini gundi inazeeka hata koti likiwa kwenye hanga. Ndiyo sababu nasema kwamba kadiri mtu anavyoivaa suti mara chache, ndivyo anavyopaswa kuchunguza kifua chake kwa makini zaidi.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji utaalamu. Shika sehemu ya mbele ya koti, chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, kwa kidole gumba na cha shahada. Bana kitambaa cha nje kwa mkono mmoja na bitana kwa mkono wa pili, kisha vitenganishe taratibu huku ukisugua. Ukihisi safu ya tatu inayoteleza katikati bila kushikamana na upande wowote, umepata koti lililoshonwa. Ukihisi safu mbili tu, na ile ya nje ikawa nene na kavu kama karatasi kuliko kitambaa cha mkono wa koti, koti limebandikwa. Rudia kitendo hicho juu, karibu na kifua, kwa sababu yapo makoti yaliyoshonwa kifuani na kubandikwa chini. Hayo si mabaya hata kidogo, kwani kifua ndicho kinachoteseka zaidi. Muuzaji akikuuliza unafanya nini, mwambie unatazama kitambaa. Akikukataza, ondoka.

Sasa nipange chaguo kwa mpangilio ninaouamini, nikianza na ninalolipenda waziwazi.

La kwanza ni kununua kitambaa cha Raymond kwa mita na kukipeleka kwa fundi anayejua kushona kifua kwa mkono. Sijalipwa na mtu kusema hivyo. Raymond ni kampuni ya India iliyoanza mwaka 1925 huko Thane, karibu na Mumbai, na jina lake si geni kwetu. Wakenya wa umri wangu watakumbuka kwamba mji wa Eldoret uliwahi kuwa na kiwanda chenye jina hilo. Ninachokipenda ni kwamba kitambaa chao kinavumilia. Kinakunjwa kwenye kiti cha gari kutoka Morogoro na kinanyooka chenyewe kikitundikwa usiku mmoja. Hata hivyo jina peke yake halitoshi, kwa sababu kampuni hiyohiyo hutengeneza sufu tupu, sufu iliyochanganywa na poliesta, na vitambaa visivyo na sufu kabisa, kwa hiyo soma maandishi ya pembezoni mwa kitambaa kabla hakijakatwa. Kwa joto la pwani, omba uzito wa gramu 240 hadi 270 kwa mita, wenye ufumaji wa wazi unaopitisha hewa. Mwanamume wa kimo cha kawaida anahitaji mita tatu hadi tatu na nusu za kitambaa chenye upana wa sentimita 150.

Shida ya chaguo hili ni fundi. Wengi waliopo mjini ni hodari kwa mashine, lakini kifua hukibandika kwa pasi ya kawaida, jambo ambalo ni baya kuliko la kiwandani, kwa kuwa pasi ya mkono haitoi joto lililo sawa mahali pote. Usimuulize fundi kama anajua kushona suti, kwa sababu hakuna atakayejibu kwamba hajui. Mwombe akuonyeshe koti ambalo halijakamilika, lililopigwa bandi tu, yaani lililoshikizwa kwa mishono ya muda, na utazame ndani yake. Ukiona mishono midogo ya mshazari kwenye mkunjo wa kifua, kaa chini mzungumze bei. Mwambie pia aweke bitana nusu, yaani mabegani na mikononi tu, ili mgongo upumue. Na mpe wiki sita. Anayempelekea fundi kitambaa siku nane kabla ya harusi asishangae kubandikiwa.

La pili, ambalo linakaribia sana la kwanza, ni suti ya mtumba. Makampuni ya huko nje yaliyofilisika mwaka 2020 yaliacha makabati yaliyojaa suti ambazo wenyewe hawazivai tena, na naamini ndiyo sababu kwenye robota zinazofunguliwa Mchikichini, Ilala, hukosi kukuta koti la Brooks Brothers, Hart Schaffner Marx la Chicago au Hickey Freeman la Rochester, ambalo mwenye duka la suti mpya hawezi kukupa kwa bei mara tano. Si yote yaliyoshonwa, kwa hiyo bana kila moja. Linyanyue juani utazame kama wadudu wameacha matundu, nusa kwapa, kisha angalia mabega kabla ya kitu kingine chochote. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, suruali hupinduliwa pindo, lakini mabega yakiwa mapana kuliko yako lirudishe hapo ulipolitoa hata kama ni zuri kiasi gani. Wanaoona haya kuvaa mtumba kwenye harusi nawakumbusha kwamba hakuna mgeni anayefunua bitana ya mwenzake mezani.

La tatu ni kaunda suti, au koti lolote lisilo na kitambaa cha kati, kwani pasipobandikwa kitu hapabanduki kitu. Kwa hali ya hewa yetu ni vazi la busara kuliko yote, na kama si baadhi ya milango ingekuwa ya kwanza katika orodha yangu. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alilipiga marufuku ndani ya bunge, ingawa Rais wa nchi hiyohiyo ndiye aliyekuwa amelirudisha kwenye mtindo. Kwa hiyo kabla ya kushona, jiulize milango unayokusudia kuingia. Kanisani na harusini utapokewa, lakini mahakamani wakili hatapita nalo.

La nne ni suti mpya kutoka ng'ambo, ikiwa una ndugu anayerudi likizo. Suitsupply ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 2000, hushona kifua badala ya kukibandika na hutumia sufu ya Italia, na kwa bei yake sijaona wa kushindana naye. Nimeiweka ya nne kwa sababu huwezi kuijaribu kabla ya kulipa, na ndugu aliye London ana mabega yake mwenyewe.

Suti mpya za bei rahisi za madukani ni za mwisho. Nyingi ni poliesta iliyobandikwa. Kama shughuli ni kesho na fedha ni hizo, nunua, usiipeleke kwa dobi wa pasi kali, na usiihesabu kama mali.

Niruhusiwe sasa kurudi kwa muuzaji wangu. Lililoniudhi si gundi, kwa kuwa gundi ni njia halali ya kutengeneza koti la bei nafuu. Lililoniudhi ni kibandiko kilichoshonwa kwenye mkono wa koti kikisema "Super 150's". Neno hilo lina maana mahususi: kwa kanuni za IWTO, shirika la kimataifa la nguo za sufu, ni kwa ajili ya sufu halisi tu, na namba yake hupima wembamba wa unyuzi. Super 100's haipaswi kuzidi maikroni 18.75 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na Super 150's haipaswi kuzidi 16.25. Nilichomoa nyuzi mbili kwenye pindo la suruali ya mume wangu nikaziwasha kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika, lakini hizi ziliyeyuka zikawa shanga nyeusi ngumu. Kibandiko hicho kina cherehani yake na nyuzi zake za dhahabu, na nina hakika mtu alikishona huku akijua anachokifanya. Kibaya zaidi, wanaume wetu wanakiacha mkononi kana kwamba ni cheo, ilhali kazi yake ni kung'olewa siku suti inaponunuliwa, sawa na ule uzi wa msalaba unaofunga mpasuo wa nyuma.

Kuhusu maandishi ya chini ya risiti, wasomaji wajue kwamba kuyachapisha hakumfanyi muuzaji kuwa juu ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu inayomlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Ili kulalamika inafaa uwe na risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, ambayo mimi niliuziwa punguzo la shilingi 20,000 ili nisiidai. Kosa hilo ni langu.

Koti lenyewe halikutupwa. Fundi ninayemtumia sasa aliniomba, akalichana upande mmoja wa kifua hadi kwenye gundi, akauacha wa pili na malengelenge yake, kisha akalitundika ukutani karibu na cherehani. Mteja akiuliza kwa nini kazi ya mkono ni ghali, hulishusha, humpa alibane kwa vidole, naye huendelea kupiga bandi.