Ubora wa kahawa: kukagua mwishoni au kudhibiti tangu mtamboni?

Vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa kahawa Kilimanjaro vina njia mbili za kulinda ubora. Ya kwanza ni kungoja kiwanda cha kukoboa, Moshi: kahawa inapangwa kwa madaraja (AA, A, B), punje mbovu zinatolewa, kisha inaonjwa. Chama hakiingii gharama ya ziada, lakini kazi hiyo inatenganisha tu. Punje iliyooza haiponi.

Ya pili ni kudhibiti kila hatua tangu kwenye mtambo wa kumenya, na fedha iko hapa. Pokea kahawa mbivu nyekundu tu. Menya siku hiyohiyo, maana zikilala guniani zinapata joto na kuchacha ovyo. Zikishamenywa, ziache zichachuke hadi utelezi unaofunika punje uachie, kisha osha mara moja; utajua umeachia ukizisugua mkononi zikakwaruza kama kokoto. Ukichelewa zinanuka, na punje moja ya namna hiyo inaharibu kikombe kizima. Anika kwenye vichanja kwa tabaka jembamba, geuza, funika adhuhuri, hadi unyevu ufike asilimia 11 hivi.

Wanaosema usimamizi wa ubora ni makaratasi wana hoja pale daftari linapojazwa jioni kwa kukisia. Saa ya kumenya na ya kuosha ikiandikwa palepale, kosa linajulikana lilianzia wapi. Ukaguzi wa mwisho ubaki, ila majibu ya waonjaji yarudi mtamboni kabla msimu haujaisha.