Nusu siku Zingaro na mtembeza watalii wa Scopello

Kazi yangu nami ni hiyohiyo ya kutembeza watalii. Huu mwaka wa 11 natembeza watalii Watamu, pwani ya Kenya, wengi wao Waitaliano: asubuhi kwenye matumbawe maji yakipwa, jioni kwenye mikoko ya Mida. Kitaliano nilikiokota jikoni mwa hoteli kabla sijapata kibali cha kutembeza watu. Kwa hiyo Septemba nilipokwenda Sicily, kisiwa cha Italia, kumwona dada yangu aliyeolewa Palermo, na shemeji akaniambia kuna mtu Scopello anataka anitembeze pwani, nilikwenda kama fundi anayekwenda kutazama kazi ya fundi mwenzake. Natazama viatu vyake. Natazama kama anahesabu watu. Natazama anavyomngoja wa mwisho.

Mahali penyewe panaitwa Zingaro. Ni hifadhi iliyoko kona ya kaskazini-magharibi ya Sicily, kati ya kijiji cha Scopello na mji wa San Vito Lo Capo. Ni kama kilomita 7 za pwani ambazo hazina barabara ya lami, hoteli wala gari. Mlima unashuka moja kwa moja hadi baharini, na kando yake kuna njia ya miguu inayopita juu ya vighuba vyenye mawe meupe ya mviringo. Malango ni mawili, moja Scopello kusini, la pili upande wa San Vito, na hakuna chombo cha magurudumu kinachokuunganishia mawili hayo kupitia ndani. Siku yetu kiingilio kilikuwa euro 5, na mtembezaji euro 30 kwa kila mtu, kuanzia saa mbili unusu asubuhi hadi saa saba. Tulikuwa watu 14.

Ukipita lango la kusini hujafika mbali unakutana na handaki lililotobolewa kwenye mwamba. Watu wengi wanalipita mbiombio. Ndani kuna kivuli na upepo, unapiga picha ya bahari inayoonekana upande wa pili, unakwenda zako kuogelea. Mzee aliyekuwa akitutembeza alitusimamisha humo humo ndani, akangoja hadi watu wote wamenyamaza, akauliza, "Mnadhani shimo hili lilichimbwa kwa ajili ya nani?" Mama mmoja akasema kwa ajili ya wapita njia. Mzee akapiga ukuta kwa kiganja. "Lilichimbwa kwa ajili ya magari."

Ndipo akasimulia. Miaka ya sabini serikali ilitaka kupitisha barabara ya kuunganisha Scopello na San Vito, juu ya vighuba hivihivi, na kazi ilikuwa imeshaanza. Tarehe 18 Mei 1980 maelfu ya watu walikuja kutoka pembe mbalimbali za kisiwa, wakaitembea pwani hii kwa miguu kuipinga barabara. Barabara ikasimama. Mwezi Mei mwaka uliofuata, 1981, bunge la Sicily likapitisha sheria, na Zingaro ikawa hifadhi ya kwanza ya asili katika kisiwa kizima. Yeye siku ile alikuwa na miaka 13. Alikuja na mama yake, na hakuelewa kitu. Alidhani wanakwenda kula mkate ufukweni. Anachokumbuka ni vumbi, na jinsi watu wazima walivyokuwa wakizungumza kwa sauti kubwa kuliko kawaida. "Barabara iliishia hapa mlipokanyaga," akasema, na watu 14 tukatazama miguu yetu.

Dakika 20 tulikaa mle handakini. Mtoto mmoja alianza kulia kwa kuchoka. Mimi nisingethubutu kuwaweka wageni muda wote huo mahali pasipo na samaki wala picha, na hilo lilinikaa moyoni njia nzima. Hifadhi yetu ya bahari ya Watamu ilitangazwa 1968. Mwaka huo nautaja kwa wageni kila siku, mara nyingine mara mbili kwa siku, kama namba ya nyumba. Sijawahi kuwasimulia nani alikuwa akivua pale kabla ya 1968, aliambiwa nini, na alipeleka wapi mtego wake. Wazee wanaolijua jambo hilo bado wako hai, wanakaa barazani nyuma ya msikiti.

Baada ya handaki njia inapanda, na hapo mtende mfupi unaanza kutokea kila mahali. Kisayansi unaitwa Chamaerops humilis. Wao kwa Kisicily wanauita giummara. Hauendi juu. Unakaa chini kama kichaka, majani yake yamefunguka kama upepeo. Wageni wengine waliutazama kama wanavyotazama majani yoyote. Mimi nilisimama, kwa sababu jani lile ni ndugu wa mkoma wetu. Mzee akatoa mfukoni kipande cha kamba ya majani yaliyosukwa, kimezeeka hadi kimekuwa rangi ya asali. Alikisuka mama yake. Zamani, akasema, kila kitu hapa kilikuwa giummara: kamba, ufagio, kikapu, kamba ya kumfungia punda, hata kamba za nyavu. Akanipa nikishike.

Nilijua kabla hakijafika mkononi. Ni ukili. Upana wake, mikunjo ya pembeni, namna msusi anavyoingiza jani jipya bila kuonyesha pale linapoanzia. Bibi yangu alikuwa akisuka miyaa namna hiyohiyo, jioni, miguu ameinyoosha, jani analilowesha ili lisivunjike. Nikamwambia mzee kwamba jani linaloweshwa kwanza. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mama yangu aliliweka usiku kucha kwenye umande." Kuanzia hapo akaacha kuzungumza nami kama mgeni.

Akatuonyesha pia vigogo vyeusi. Mwishoni mwa Agosti 2020 moto uliipita hifadhi hii vibaya, na si moto wa kwanza. Alama zake unaziona bado kwenye miti iliyokauka imesimama. Lakini giummara ina tabia yake: juu inaungua, chini moyo wake unabaki, kisha unachipua. Alikwenda kichaka kimoja hadi kingine akitusogezea majani kwa mkono tuone chipukizi zinatoka katikati ya makaa. Sauti yake ilibadilika. Hakusema sana. Nimewahi kuona wenzangu wakiwaeleza wageni habari ya matumbawe yaliyopauka mwaka 1998 kwa sauti hiyohiyo.

Katikati ya njia kuna nyumba za zamani za wakulima, na baadhi zimegeuzwa makumbusho madogo: ususi wa majani, uvuvi, mana. Mana hapa ni kitu halisi. Mti wa jamii ya Fraxinus unachanjwa gome wakati wa kiangazi, utomvu unachuruzika, unaganda mweupe, unaliwa. Alikuwa na vipande kwenye kikopo, akampa kila mtu kimoja. Utamu wake ni mpole, hauchomi koo. Nilipomweleza kuwa kwetu wagema wanakata karara la mnazi kila siku asubuhi na jioni kwa kisu kikali kisichofanya kazi nyingine, alicheka kwa furaha, akasema wachanjaji wa mana nao kisu chao hawamwazimi mtu.

Kwenye makumbusho ya uvuvi ndipo nilipopata thamani ya euro 30 yote. Pwani hii iliishi kwa jodari. Walikuwa wakitega uzio mkubwa wa nyavu baharini, tonnara, wenye vyumba vinavyofuatana. Jodari anaingia cha kwanza, hapati njia ya kurudi, anasukumwa hadi cha mwisho ambacho wao wanakiita chumba cha mauti. Majengo ya tonnara ya Scopello bado yamesimama ufukweni nje ya hifadhi, na kighuba kimoja cha ndani kinaitwa Tonnarella dell'Uzzo. Kwa mtu wa kwetu aliyeona wando ukitegwa, mpango unaeleweka mara moja. Kilichonishika ni maneno. Mkuu wa tonnara, yule anayeamua siku ya kutega na siku ya kuvuta, anaitwa rais. Waarabu walitawala Sicily takribani miaka 200 na neno lao likabaki kwenye midomo ya wavuvi. Na wakati wa kuvuta nyavu, mmoja akiimba, wengine walikuwa wakiitikia "aja mola". Mzee alisema asili yake ni kumwita Mola.

Nikamwambia: hata mimi nikivuta nanga namwita Mola, na kwa neno hilohilo. Aliniomba nilitamke mara tatu. Kisha tukaanza kubadilishana kama watoto wanaobadilishana gololi. Aina moja ya zabibu za Sicily wanaiita zibibbo. Mkonge wa porini unaoota kando ya njia wanauita zabbara, mzizi mmoja na subiri yetu. Wengine 13 wakangoja. Najua si haki kwao, na kama ningekuwa mimi niliyelipa kuja kuogelea, ningenuna.

Kuogelea kulikuwepo, dakika 40, kwenye Tonnarella dell'Uzzo. Maji ni safi hadi unahesabu vidole vya miguu yako ukiwa umesimama, maji yamekufika kifuani. Kando ya maji kulikuwa na lundo la majani ya kahawia yaliyokauka, na bwana mmoja akauliza kwa nini hifadhi inayotoza watu pesa haisafishi ufukwe. Swali hilo ningelijibu nikiwa usingizini. Watamu msimu wa kusi tunaulizwa hivyo kila siku, na hoteli nyingine huajiri vijana kuchakura mchanga alfajiri. Mzee hakukasirika. Alichukua jani moja, akamwonyesha kuwa hili si mwani, ni mmea kamili wenye mizizi, maua na matunda, unaitwa Posidonia, na unaota chini kama shamba. Samaki wanazaa humo. Lundo lile likikaa ufukweni linazuia mawimbi yasile pwani. Akamwomba bwana akalale juu yake baada ya kuogelea. Alilala. Alisinzia kabisa.

Juu ya kighuba jirani kuna pango la Uzzo, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi ya watu walioishi kwa kuwinda na kuokota, yapata miaka 10,000 iliyopita. Kwetu pango la ukubwa ule lingekuwa na mzimu wake na vitambaa vyekundu mlangoni. Mzee alivua kofia alipokuwa akieleza. Sijui kama ni jua au ni heshima, lakini nami nilivua yangu.

Sasa kasoro, maana nimeombwa niandike ukweli. Saa mbili unusu ni kuchelewa. Njia haina kivuli cha maana, na kufika saa tano mawe yanarudisha joto usoni. Aanze saa moja. Watu 14 ni wengi kwa njia nyembamba, wa nyuma walikuwa hawamsikii, na mama mwenye mtoto aliyelia alikaa peke yake mara mbili kabla ya mtu kumrudia. Mara ya pili nilirudi mimi. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, hivyo familia ya Kijerumani iliyokuwa nasi ilipata robo ya hadithi. Ujumbe wa kuthibitisha nafasi haukutaja viatu, na dada yangu alikuja na ndala. Alirudi na kidole kilichochubuka. Ndani hakuna mkahawa wala duka. Beba lita 2 za maji kwa kila kichwa, na kofia, na viatu vya kufunga. Usafiri pia uulizie mapema: kutoka Palermo ni zaidi ya saa moja kwa gari, na asiye na gari atahangaika kulifikia lango.

Ukimaliza, zunguka kwa gari hadi San Vito ule cuscusu ya samaki, yaani punje ndogo za ngano. Wanaipika kwa mvuke kwenye chungu chenye matundu, kisha wanaimwagia mchuzi wa samaki. Tuliila watatu kimya.

Nyota nne na nusu. Nusu nimeiondoa kwa ajili ya saa ya kuanza na kile kidole cha dada.

Wakati wa kuagana nilimpa mzee euro 90, zangu, za dada na za shemeji. Alihesabu, akanirudishia 30, akasema mtu wa kazi moja halipi. Nilikataa. Akazikunja, akazitia mfukoni mwa shati langu, akanidai kitu kingine: ukili wa miyaa, urefu wa pima moja, uliosukwa na mkono wa mtu ninayemjua. Bibi yangu amefariki, lakini shangazi anasuka bado. Nimempigia simu kutoka Palermo usiku uleule. Ameshalowesha majani.