Kushea Mafaili Kati ya Windows, Mac na Linux: Nimezijaribu Zote Tatu, na Hapa Ndipo Zinapokwama

Karibuni. Hapa mezani nina kompyuta tatu. Ya kushoto ina Windows 11, ya katikati ni Mac, na hii ya kulia ina Linux, yaani Ubuntu. Zote zimeunganishwa kwenye ruta moja. Nimezipa kazi moja tu: folda inayoitwa Kazi, iliyoko kwenye Linux, isomeke na iandikike kutoka kwa hizo nyingine mbili. Baadaye nikageuza, kila moja ikawa mwenye nyumba, yaani inayoshea folda, kwa zamu yake. Leo nachambua njia za kushea mafaili ambazo mifumo hii inazitumia, bila kununua chochote. Na nitakaa zaidi kwenye mahali zinapokwama, kwa sababu zinakwama, na wengi wetu tunatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo.

Tazama kioo cha Windows. Nimefungua sehemu ya mtandao, iko tupu. Linux haionekani kabisa. Hapa ndipo mtu anapoteza jioni nzima: anazima, anawasha, anaondoa programu, anaiweka upya. Sasa angalia. Kwenye upau wa anwani hapo juu naandika anwani ya IP ya ile Linux, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ikitanguliwa na mikwaju miwili iliyolalia nyuma: \\192.168.1.20. Nabonyeza Enter. Umeona? Kisanduku cha jina na nenosiri kimetokea. Kompyuta ambayo orodha haikuwa nayo imeitikia hodi.

Hili ndilo lililonifanya nirekodi video hii. Kuonekana kwenye orodha ni jambo moja, kufikika ni jambo jingine, na yanapita njia tofauti. Orodha ile inajazwa na kompyuta zinazojitangaza zenyewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na NetBIOS. Windows ya leo inategemea WS-Discovery. Mac inatumia Bonjour, na Linux inatumia Avahi, ambayo inazungumza lugha ileile ya Bonjour. Ndiyo maana Mac yangu iliiona Linux mara moja, Windows ikabaki haina habari. Samba, programu inayoshea mafaili upande wa Linux, yenyewe haijui WS-Discovery. Nikaongeza programu ndogo inayoitwa wsdd, na baada ya muda mfupi jina likatokea hapa. Lakini mafaili yenyewe hayapiti huko hata kidogo. Yanapita kwenye itifaki ya SMB, yaani lugha ya kompyuta ya kushea mafaili, kupitia poti (mlango wa mtandao) namba 445, na hiyo mifumo yote mitatu inaizungumza.

Kwa hiyo ukikutana na kosa 0x80070035, lile la kwamba njia ya mtandao haikupatikana, usifute kitu. Jaribu kwanza kwa anwani ya IP. Ikikubali, tatizo lako ni jina tu, na unaweza hata kuendelea na kazi bila kulishughulikia. Isipokubali, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445, usome mstari wa mwisho. Ukisema True, mlango uko wazi na shida iko mbele zaidi. Ukisema False, kuna kitu kimeziba katikati. Kama anayeshea ni Windows, angalia kama mtandao wako umewekwa kuwa wa hadharani badala ya binafsi, maana kwenye mtandao wa hadharani ukuta wa moto (firewall) hufunga kushea. Angalia pia kama mojawapo ya kompyuta imeingia kwenye Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi hutenganisha vifaa vya wageni ili visifikiane: intaneti inakuja vizuri, video zinacheza, lakini kompyuta ya jirani yako mezani huipati kamwe.

Kwenye Mac mambo ni mepesi. Ukiwa kwenye Finder, programu ya Mac ya kutazama mafaili, bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.20, basi.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu Samba, kwa sababu naiheshimu sana. SMB ilianzia IBM mwaka 1983, ikakuzwa na Microsoft. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi mmoja wa Canberra, Australia, Andrew Tridgell, hakuwa na maelezo ya itifaki hiyo, hivyo akasikiliza kompyuta zikizungumza kwenye waya, akafuatilia zinavyoulizana na kujibizana, akaandika programu ya kujibu kama zinavyojibu zenyewe. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Kila mara folda ya Linux inapofunguka kwenye Windows, ni kazi iliyoanzia pale.

Sasa tuingie penye kina: wewe ni nani? Mlango ukishafunguka, kila mfumo unauliza swali hilo kwa namna yake, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Windows kwanza. Wengi tunaingia kwenye kompyuta zetu kwa PIN ya tarakimu chache. PIN hiyo ni ya kompyuta ileile tu, haivuki mtandao. Ukikaa kwenye Mac ukaiandika pale panapoulizwa nenosiri la Windows, utakataliwa hata uirudie mara ishirini. Linalotakiwa ni nenosiri lenyewe la akaunti, na kama akaunti yako ni ya Microsoft, jina ni barua pepe yako. Mimi sipendi kuzungusha nenosiri la barua pepe kwenye kila kifaa, kwa hiyo nilifungua akaunti ya pembeni kwa kazi hii peke yake: net user faili * /add, kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi. Ikaniuliza nenosiri, nikaliandika, nikaipa akaunti hiyo ruhusa kwenye folda. Nakushauri ufanye hivyohivyo.

Ukiwa unatoa ruhusa, kumbuka Windows ina sehemu mbili za ruhusa, ya kushea na ya usalama wa folda yenyewe. Ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ukiruhusu kuandika upande mmoja na upande wa pili ukaacha kusoma tu, utasoma tu.

Linux ina jambo lake. Samba inatunza manenosiri yake mbali na yale unayoingilia kwenye kompyuta. Kuwa na akaunti kwenye Ubuntu hakutoshi, lazima umsajili mtu huyo kwa sudo smbpasswd -a pamoja na jina lake. Nilipofanya hivyo nikaingia, folda ya Kazi nikaiona, nikaibofya, nikakataliwa. Ruhusa za folda zilikuwa sawa, nikazikagua tena na tena. Kumbe folda nilikuwa nimeiweka ndani ya nyumba, yaani folda binafsi, ya mtumiaji mwingine, chini ya /home, na tangu toleo la 21.04 la mwaka 2021 Ubuntu hufunga nyumba hizo kwa watu wengine. Chumba kiko wazi, lango la nje limefungwa. Nikaihamishia /srv/kazi, ikafunguka. Ukiwa na Fedora, aina nyingine ya Linux, kuna mlinzi mwingine anayeitwa SELinux: folda inahitaji alama ya samba_share_t, na bila hiyo utakataliwa hata kama ruhusa zote za kawaida ziko sawa.

Mac nayo, ikiwa ndiyo inayoshea, inataka uende kwenye mipangilio ya kushea mafaili, ufungue chaguo zake, uweke alama ya tiki kwenye akaunti itakayotumiwa na Windows. Watu wanawasha kushea, hawafiki kwenye tiki hiyo, halafu wanalilaumu nenosiri.

Na hili niliombe lisikupite: Windows inakumbuka. Ukikosea jina mara ya kwanza likahifadhiwa, linaweza kutumika kimyakimya mara ya pili. Tena haikubali kuwa na majina mawili tofauti kwenye seva moja, yaani kompyuta moja inayoshea, kwa wakati mmoja, inatoa kosa 1219. Andika net use * /delete, halafu ondoa jina la zamani kwenye hifadhi ya manenosiri ya Windows. Amri hiyo inakata miunganisho yako yote ya folda za mtandao, kwa hiyo funga mafaili uliyofungua kwanza.

Kama una kifaa cha zamani cha kuhifadhi mafaili, au diski uliyochomeka kwenye ruta, na kimeacha kufanya kazi baada ya kusasisha Windows, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Huenda kinaijua SMB1 tu, toleo la zamani la SMB, ambayo Windows iliacha kuiweka yenyewe kuanzia mwishoni mwa 2017. Au kinamwingiza kila mtu kama mgeni bila nenosiri, jambo ambalo Windows 11 Pro inalikataa kuanzia toleo la 24H2. Kwa hilo la pili, kipe kifaa jina na nenosiri, yataisha. Kwa hilo la kwanza utaona ushauri mwingi wa kurudisha SMB1. Nakuomba usifanye hivyo. Programu hasidi ya WannaCry ilisambaa Mei 2017 kwa kupita kwenye udhaifu wa SMB1, na ilivuruga kazi za hospitali nyingi Uingereza. Hamisha mafaili yako, kipumzishe kifaa.

Nikiambiwa nichague mwenye nyumba, nachagua Linux yenye Samba. Kuiandaa kunachukua muda zaidi, lakini amri yake ya testparm inakuonyesha kosa la mipangilio kabla hujahangaika, na kumbukumbu zake chini ya /var/log/samba zinakueleza nani alikataliwa. Windows ni mwenye nyumba mzuri ukishampa akaunti ya pembeni. Mac ni mgeni mzuri kuliko alivyo mwenyeji. Na kama unachotaka ni kutuma mafaili mawili matatu leo, kesho basi, usijichoshe na haya yote: weka LocalSend, programu ya kutumiana mafaili, kwenye kompyuta zote mbili. Ni ya bure, na inafika hadi kwenye simu.

Limebaki moja, nililiona nikiwa nafunga kazi. Hapa kwenye Linux kuna faili nililoliita Ripoti 12:30.pdf. Nikilitazama kutoka Windows, sioni jina hilo. Naona jina fupi, herufi kubwa zilizochanganyika na tarakimu, na alama ya kiwimbi (~) katikati. Faili halijaharibika. Windows hairuhusu nukta mbili kwenye jina la faili, wala alama ya kuuliza, wala nyota, kwa hiyo Samba imelitungia jina jingine. Narudi Linux, nalibadilisha liwe Ripoti 12.30.pdf. Narudi Windows, naburudisha dirisha. Hilo hapo, kwa jina lake, na limefunguka.