Dau la watu wawili mbele ya Mji Mkongwe: uzoefu wangu

Nimeolewa miaka kumi sasa, na katika miaka hiyo bahari nimeivuka mara nyingi. Nimevuka kwenda Dar kwa matibabu ya mama, nimevuka kwenda Pemba kwa harusi na kwa hitma. Lakini kukaa tu juu ya maji na mume wangu, hatuna tunakokwenda, hatuna mzigo wala mtu wa kumpokea bandarini, hilo sikuwahi kulifanya mpaka Januari iliyopita.

Wazo lilitoka kwa wifi yangu anayeishi Uholanzi. Alitutumia picha, yeye na mumewe wako kwenye boti ndogo ya kukodi katika mifereji ya Amsterdam, wawili peke yao na mwendesha boti, taa za madaraja zinang'aa majini. Mume wangu, Baba Ilham, aliitazama ile picha kwa muda mrefu, halafu akasema, "Wao mifereji yao wameichimba. Sisi bahari imetuzunguka na hata dau la kwenda kukaa wawili hatujawahi kukodi." Yale maneno yakanikaa moyoni. Mifereji ile ya karne ya 17 iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2010. Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar umo katika orodha hiyo tangu mwaka 2000.

Niseme pia kwamba tulishawahi kujaribu kitu kama hiki, miaka miwili nyuma, katika ufukwe mmoja wa kaskazini. Tuliuziwa safari ya "faragha". Tulipofika tukakuta watu sita wengine wameshakaa, spika kubwa imefungwa kwenye mlingoti, na muziki haukuzimwa mpaka tuliposhuka. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma, nikasema basi, mambo haya ni ya wageni. Kwa hiyo safari hii nilikwenda mwenyewe pwani ya Shangani siku mbili kabla, nikazungumza na nahodha ana kwa ana. Ni mzee wa makamo hivi, ana kofia ya viua iliyofifia rangi. Nilimwamkia, akaitika, nikamuuliza moja kwa moja: tutakuwa wangapi?

"Nyinyi wawili, mimi na kijana wangu mmoja. Hapandi mwengine."

Tukakubaliana shilingi 200,000 kwa dau zima, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja na kitu usiku, na vitafunio juu yao. Bei ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi. Nilipomweleza kuwa sisi ni wenyeji na tunatimiza miaka kumi ya ndoa, akaishusha bila ya mvutano. Anayetaka kwenda namshauri afanye hivyo hivyo: usilipie kwa mtu wa kati aliyekukamata njiani, nenda kaonane na mwenye chombo. Na siku ya kwenda muulize maji yako vipi. Siku yetu ilikuwa bamvua, yale maji makubwa, na yalikuwa bado yamejaa, kwa hiyo tulipanda dau karibu kabisa na mchanga. Yangekuwa yamekupwa tungetembea mbali kwenye matope na mawe, na mimi nimevaa buibui. Nilipandisha kidogo, nikavua malapa, kijana akaweka kingazi cha mbao, nikapanda. Maji yalinifika magotini tu.

Kabla ya kupanda niliomba kwanza jaketi za kujiokolea. Hili sitaki kulipita haraka haraka. Mama yangu, tangu ule usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ilipozama ikielekea Pemba, kisha tena Julai 2012 nyingine ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, hataki kusikia habari ya mtu kupanda chombo kwa starehe. Kwake yeye bahari hupandwa kwa dharura. Nilimwahidi nitavaa jaketi, na nikavaa. Nahodha alizitoa nne, nzima, filimbi zimefungwa begani, na yeye mwenyewe akavaa ya kwake. Hakunung'unika wala hakunambia "bahari shwari leo". Ukimuona nahodha anakucheka kwa kuuliza jaketi, shuka.

Chombo chenyewe ni dau la mbao, si boti ya faiba. Lilikuwa limetiwa kalafati upya, pamba nyeupe inaonekana baina ya mbao, na ile harufu ya sifa, mafuta ya papa, bado imo. Wengine haiwapendezi. Baba Ilham aliinusa, akanyamaza. Katikati walitandika mkeka na mito, juu wakafunga kitambaa cha kivuli. Nahodha akakaa tezi, yaani nyuma, kwenye usukani, kijana akakaa omo, yaani mbele, na wote wawili muda mwingi wameelekeza nyuso zao baharini. Hiyo ndiyo faragha niliyoipenda. Hawakutufungia pazia, walikuwa watu wenye adabu tu, wanaojua wapi pa kuangalia. Kwetu nyumbani ni vyumba viwili, watoto watatu na mgeni hakosekani. Kuna mambo tumekuwa tukizungumza kwa kunong'ona kwa miaka.

Tulitoka kwa mashine. Hapo pana kelele, na kwa robo saa huwezi kusikilizana, mlijue hilo. Lakini sababu yake ni nzuri. Januari ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini, kwa hiyo tulipanda kwa mashine mpaka usawa wa Malindi, kisiwa cha Changuu tunakiona mbele, kisha nahodha akazima na tukaanza kushuka na tanga. Wanaokwenda wakati wa kusi, upepo wa kusini, mambo yao yatakuwa kinyume.

Mashine ilipozimwa, Wallahi, nilihisi kama mtu kanifungulia masikio. Maji yanagonga ubavuni, kamba inalia kidogo juu kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, basi. Na mji wote uko mbele yako. Mimi nimezaliwa Mwembetanga, mji huu naupita kila siku, lakini sikuwahi kuuona wote kwa jicho moja: minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, kuta za Ngome Kongwe, vijana wa Forodhani wanajirusha kutoka ukutani mmoja baada ya mwengine. Na Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Sayyid Barghash, na sehemu yake ikaanguka tarehe 25 Desemba 2020. Wakati ule ukiwa barabarani uliona mabati na jukwaa la mafundi. Ukiwa baharini uliona pengo. Nilishikwa na huzuni ambayo sikuitarajia katika safari ya furaha, na mume wangu akaliona hilo, akanishika mkono mpaka tulipolipita.

Nahodha alisema jambo moja tu la historia njia nzima, tena kwa sababu tulimuuliza. Nilimwambia juu ya mifereji ya Amsterdam. Akasema, "Na hapa ulikuwepo mkono wa bahari. Mnadhani Darajani pameitwa Darajani kwa nini?" Kweli. Palipo Barabara ya Benjamin Mkapa leo, iliyokuwa Creek Road, maji yalikuwa yanaingia na kutoka, yanautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Yakafukiwa kidogo kidogo wakati wa Waingereza. Viwanja vya Mnazi Mmoja navyo ni sehemu ya pale palipofukiwa. Baba Ilham ni mtoto wa Malindi, mimi ni wa Ng'ambo. Nilikuwa nafikiria, zamani hizo posa yangu ingevuka maji.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike haya yote.

Marehemu mkwe wangu alikuwa baharia wa jahazi, akipakia boriti za mikoko Rufiji. Nilijua hivyo, kama unavyojua jambo la kuambiwa. Mume wangu hufanya kazi ya ofisini na baba yake hakuwa akimtaja sana. Tulipofika usawa wa Forodhani upepo ukaongezeka, na kijana wa omo alikuwa ameshughulika na kitu kingine. Nahodha akaita, "Kaza demani!" yaani kamba ya kuongozea tanga. Kabla kijana hajageuka, mume wangu ameshainuka, kashika ile kamba, kaivuta, kaizungusha kwenye kigingi mara mbili na kuibana kwa dole gumba. Vile vile, bila ya kufikiri. Nahodha akamtazama, akamuuliza, "Umejifunza wapi wewe?" Akajibu, "Kwa baba."

Akabaki na ile kamba. Kijana hakuichukua tena. Na akiwa ameishika, ameelekea tangani wala hanitazami, akaanza kunisimulia. Kwamba akiwa na miaka tisa baba yake alikuwa akimchukua likizo za skuli. Kwamba alilala juu ya boriti na kuamka mgongo una mistari. Kwamba mara ya mwisho alipotakiwa kwenda alikataa kwa sababu ya mpira, na baba yake hakumwita tena, na hawakuwahi kulizungumza hilo mpaka mzee alipofariki. Miaka kumi ya ndoa, na sikuwahi kuyasikia haya. Nadhani asingeyasema barazani, wala kitandani asingeyasema. Aliyasema pale kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yana pa kukaa.

Jua lilizama kushoto mwa kisiwa cha Bawe, saa kumi na mbili na dakika arubaini na kitu. Sitalieleza, kila mtu ana picha yake. Nitakachoeleza ni Maghribi, kwa sababu ndilo swali wanaloniuliza wenzangu: mnasali vipi? Tulikuwa tumetia udhu nyumbani. Nahodha aliteremsha tanga, akatia nanga mahali maji ni machache. Adhana zikaanza kuja kutoka mjini, moja kutoka Malindi, nyingine nyuma yake, nyingine tena, hazikulingana, zinapita juu ya maji na kukufikia kama watu wanaoitana. Nahodha akatuonyesha kibla. Kwetu Unguja Makka iko karibu kaskazini kabisa, na chombo kikitia nanga omo hugeukia kunakotoka upepo. "Kaskazi ikivuma dau lenyewe linakuonyesha," alisema, "unasogea kushoto kidogo tu." Akatuswalisha, mimi nimekaa nyuma yao, chombo kinapanda na kushuka taratibu. Sijapata kuswali swala ya utulivu vile.

Baada ya hapo ndipo wakafungua vyakula. Pweza wa nazi alikuwa laini, amepikwa na mtu anayejua kazi yake. Sambusa zilikuwa za kawaida. Kahawa ya tangawizi kwenye chupa ilikuwa moto mpaka mwisho, na upepo wa usiku ulipoanza ndiyo iliyotufaa. Halua ilikuwa kavu, bora wangeleta kashata.

Kasoro zipo na nitazisema. Walichelewa kuondoka dakika ishirini na tano, na dakika hizo ni za mwanga, hazirudi. Mito ilikuwa na unyevu wa chumvi, nguo yangu ikabaki na alama. Choo hakuna, kwa hiyo kina mama wajawazito na wenye sukari wajipange mapema. Taa ya chombo wakati wa kurudi ilikuwa ni tochi ya kijana tu. Hilo nililisema palepale, kwa sababu boti za mwendo wa kasi zinaingia bandarini saa hizo na chombo lazima kionekane. Nahodha alisema taa imeharibika na itatengenezwa. Nilimwambia nitakuja kuiangalia, na nilikwenda wiki iliyofuata. Imefungwa mpya, na alinionyesha mwenyewe.

Tulirudi taratibu, moshi wa mishkaki ya Forodhani umeshafika majini, taa za wauzaji zimewaka. Tuliposhuka mume wangu alimpa nahodha mkono, na nahodha akaugeuza ule mkono, akautazama kiganja. Kamba ilikuwa imeacha alama nyekundu upana wa kidole, kutoka chini ya dole gumba mpaka upande wa pili.

Tumeshaweka ahadi ya Julai, kusi ikishika. Bei ni ile ile, na kijana atabaki pwani. Demani atashika Baba Ilham.