Kusoma SUZA Nikiwa Nyumbani Unguja
Nilipochagua Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, badala ya kuvuka bahari kwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikusudia kusoma Kiswahili huku nikiishi na wazazi wangu, na uamuzi huo siujutii hata kidogo, kwani chuo hiki, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kimezungukwa na wasemaji wenyewe, na utafiti wa lugha huweza kuanzia barazani. Kodi ya chumba na nauli ya boti sikuzilipa. Ugumu ulitoka nyumbani: harusi, wageni na wadogo zangu vilimeza saa zangu za kusoma. Anayetaka uhandisi, unaofundishwa Mlimani tangu 1973, ningemshauri avuke.